Usaili Dodoma, likizo Unguja: kupanga wiki ya purukushani bila kupoteza cheti wala mtoto

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, mambo mawili yalinigongana. Mume wangu alikuwa ameshalipia tiketi za familia tangu Machi: ndege kutoka Mwanza hadi Dar, kisha boti kwenda Unguja, watoto wakishafunga shule. Wiki mbili kabla ya safari, jina langu likatokea kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili, Mhasibu Daraja la II, Dodoma, katikati ya siku zilezile. Mama mkwe akasema usaili utakuja mwingine. Dada yangu akasema Unguja haihami. Wote walikuwa sahihi na hakuna aliyenisaidia.

Sikuahirisha kitu. Tulienda kote kuwili, tukarudi wote wazima, ila njiani nilifanya makosa yaliyonigharimu pesa na usingizi. Haya ndiyo ningemwambia mtu anayeanza kupanga leo. Mfano wangu ni wa usaili wa serikali, lakini mwenye usaili wa kampuni au shirika ataona mengi yanafanana.

Anza na tarehe isiyosogezeka

Chukua karatasi. Andika kila kitu cha wiki hiyo, na mbele ya kila kimoja andika: kikisogezwa, nitalipa nini? Chumba cha Unguja, pengine hulipi kitu ukitoa taarifa mapema. Boti, mara nyingi unabadilishiwa siku. Ndege, utalipa faini pamoja na tofauti ya nauli, na tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi hazirudishiwi pesa. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosaili waombaji wa kazi za serikali, hausogezwi kwa ajili yako hata ukiwa na sababu nzuri kiasi gani. Basi huo ndio mlingoti, vingine vyote ni kamba.

Kutokana na hapo nina kanuni moja ambayo siijadili na mtu: likizo inakuja baada ya usaili, kamwe si kabla. Mume wangu alipendekeza tuanze Unguja siku tatu, kisha mimi niende Dodoma nikiwa "nimepumzika". Wazo zuri masikioni. Lakini boti ikiahirishwa kwa upepo au mtoto akiamka na homa, kinachoharibika ni usaili. Ukipanga kinyume chake, usaili ukisogea kwa siku moja, kinachoharibika ni siku moja ya kuogelea.

Ratiba tuliyoifuata hatimaye: Jumamosi wote Mwanza hadi Dar. Watoto na baba yao wakabaki kwa shangazi yao Kimara. Jumapili mimi peke yangu kwa treni hadi Dodoma. Jumatatu kupumzika na kukijua kituo. Jumanne usaili wa mchujo. Alhamisi mahojiano. Ijumaa treni kurudi Dar. Jumamosi boti. Angalia Jumatatu hiyo: haina kazi yoyote ya lazima, na nilitukanwa sana kwa "kupoteza" siku. Ndiyo siku iliyoniokoa, nitaeleza.

Saa: hapa ndipo watu wazima wanapoachwa na ndege

Tiketi imeandikwa 06:40. Hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Tangazo la usaili linaandika saa 1:00 asubuhi, yaani saa moja yetu ya Kiswahili, ambayo kwenye tiketi ingekuwa 07:00. Sasa weka vyote viwili kwenye kalenda ya simu ukiwa umechoka, uone. Nilishaweka kengele ya usaili ilie saa saba usiku kwa kuandika 1:00 kama ilivyo.

Tumia lugha moja ya saa kwa wiki nzima. Mimi nilihamishia kila kitu kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili, nikaandika na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na kama una ndege ya baada ya saa sita usiku, kumbuka tarehe: tiketi ya 00:50 tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukijipeleka uwanjani jioni ya tarehe 15, utaambiwa iliondoka usiku uliopita.

Kwa wanaohojiwa na watu wa nje kwa video: Nairobi na Kampala ni saa yetu. Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. London wako nyuma kwa saa mbili kipindi chao cha joto na tatu kipindi cha baridi. Mwajiri akisema saa bila kutaja mji, muulize. Hataona vibaya.

Mkoba wa vyeti

Soma tangazo lote, si ukurasa wenye jina lako tu. Masharti yapo mwanzoni na watu huyaruka. Vyeti vinavyotakiwa ni halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, hadi astashahada, stashahada au shahada kulingana na sifa za kazi. Karatasi za matokeo ya kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya cheti, na matokeo ya muda ya chuo vilevile. Uliyesoma nje ya nchi, hakikisha cheti kimetambuliwa na mamlaka husika hapa nyumbani. Kada zenye bodi ya taaluma hutakiwa kuwa na cheti halisi cha usajili na leseni.

Halafu majina. Mimi cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili. Tofauti ya namna hiyo inahitaji hati iliyosajiliwa kisheria inayothibitisha kuwa wote hao ni mtu mmoja, na haipatikani kwa siku moja. Kama hujaitwa popote bado, hii ndiyo kazi ya wiki hii.

Kitambulisho: cha NIDA, cha mpiga kura, cha kazi, cha mkazi, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Beba viwili na uviweke sehemu mbili tofauti.

Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, ukaandike namba yako ya usaili kwenye daftari. Angalia pia umejaza mkoa gani kama makazi ya sasa, maana kada nyingine hufanyia mchujo mikoani, na kituo hupangwa kwa kufuata ulichojaza. Nilikutana na kijana Dodoma aliyesafiri kutoka Kagera akakuta jina lake liko kituo cha Bukoba.

Vyeti hivi vyote, pamoja na nakala, viingie kwenye mkoba mmoja wa plastiki unaofungwa, na mkoba huo usitoke mkononi mwako. Usiuweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, wala kwenye buti ya basi, wala usimpe mtu "akushikie kidogo". Piga picha kila cheti na ujitumie kwa barua pepe. Picha hazitakuingiza kwenye usaili, lakini ukipotelewa zitakusaidia kueleza polisi na NECTA (baraza la mitihani) ni nini hasa kilichopotea.

Tiketi na mizigo

Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Tiketi ya mume wangu iliandikwa kwa jina analoitwa kazini, na kulirekebisha kulikula simu nne na asubuhi nzima. Watoto, hata wa safari ya ndani, wabebe vyeti vyao vya kuzaliwa. Mtoto chini ya miaka miwili hupakatwa na nauli yake ni ndogo, lakini lazima awe kwenye tiketi. Usimchukulie kama kifurushi.

Soma uzito ulioruhusiwa kwenye tiketi yako mwenyewe, si uliosimuliwa na jirani. Pima begi nyumbani: panda mizani ukiwa nalo, panda bila hilo, toa. Senti utakazolipa kaunta kwa kilo za ziada ni zile ulizokuwa umezitengea pweza wa Forodhani, Unguja. Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi kubwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, kwa hiyo ile ya mAh 20,000 wengi wetu tunayo (kama wati-saa 74) inapita. Safari za kimataifa, vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa. Usifungashe asali ya mama yako mkononi. Itabaki kwa walinzi.

Dar kuna majengo zaidi ya moja ya abiria na hayapo pua kwa pua. Jengo la tatu lilifunguliwa 2019, na bado nakutana na watu wanaoshushwa la pili wakati ndege yao iko la tatu. Limeandikwa kwenye tiketi. Mwambie dereva kabla hajawasha gari.

Sasa kisa changu. Tulitua Dar begi langu halikutua. Ndani mlikuwa na suti, viatu, sweta, hata mswaki. Vyeti vilikuwa mkononi, kwa hiyo sikulia. Likikutokea: usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Ukishatoka, kudai kunakuwa kugumu zaidi. Nenda dawati la mizigo, toa kile kikaratasi chenye namba walichokubandikia wakati wa kukabidhi begi, jaza fomu, andika mahali utakapokuwa kesho na keshokutwa (mimi niliandika Kimara, kwa shangazi, siyo Dodoma), na ondoka na nakala. Begi lilifika Jumatatu, mimi nikiwa Dodoma tayari. Jumatatu ile isiyo na kazi ndiyo niliyoitumia kununua viatu na gauni la heshima Soko la Majengo. Tangu siku hiyo nguo moja kamili ya usaili husafiri nayo mkononi, imekunjwa juu ya vyeti. Nashauri ufanye hivyo hata kama hujawahi kupotelewa na chochote.

Dar hadi Dodoma

Treni ya umeme ilianza safari za Dodoma Julai 2024, na imebadilisha hesabu ya usaili kabisa. Nauli iliyotangazwa na LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) mwaka huo kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Safari ni kama saa nne, badala ya siku nzima kwa basi. Kitambulisho kinaangaliwa na mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, kwa hiyo usifike dakika kumi kabla. Wiki za usaili mkubwa tiketi huisha. Kata ya kwenda na ya kurudi siku ileile uliyoona jina lako.

Usiunganishe ndege na treni siku moja. Kwenye karatasi inaonekana unatua saa nne asubuhi na treni ni saa nane mchana, nafasi tele. Ndege ichelewe saa mbili, begi lichelewe nusu saa, Barabara ya Nyerere ifanye mambo yake, utaikuta treni Morogoro.

Dodoma mwezi wa sita ni baridi alfajiri na upepo wake una vumbi. Watu wa Mwanza na Dar hatuamini mpaka tufike. Beba sweta utakayoivua kabla ya kuingia. Kama kituo ni Chuo Kikuu cha Dodoma, fahamu kuwa eneo lile ni kubwa mno, na kutoka ndaki (koleji) moja hadi nyingine si mwendo wa miguu kwa mtu aliyevaa viatu vipya. Nenda siku moja kabla, fika hadi mlango wenyewe, hesabu muda, elewana na bodaboda au bajaji wa kesho na uchukue namba yake. Chakula, nauli na malazi ni juu yako, tangazo linasema hivyo wazi. Wageni ni wengi siku hizo na gesti za karibu hupandisha bei. Kulala wawili chumba kimoja na mwenzako wa kada ileile si aibu, na mnaulizana maswali usiku.

Ndani ya chumba

Mchujo ni maandishi, unajiandaa kwa kusoma majukumu ya kazi yaliyoorodheshwa kwenye tangazo la nafasi, moja baada ya jingine, na kuyageuza kuwa maswali. Kwa uhasibu wa serikali, usiingie bila kujua Sheria ya Fedha za Umma Sura ya 348, mfumo wa malipo wa MUSE, mfumo wa manunuzi wa NeST, namba za kumbukumbu za malipo, na usuluhisho wa benki kwa mkono, bila kompyuta. Kada nyingine zina vyao, na vyote viko kwenye tangazo.

Mahojiano ni kitu kingine. Jopo la watu kadhaa, saa mezani, wanaandika. Salimia wote mara moja, usizunguke ukishika mikono. Subiri uambiwe ukae. Swali la "jitambulishe" halihitaji ukoo wako na wilaya uliyozaliwa: sema elimu, ulichokifanya kwa mikono yako, na kinachokuunganisha na nafasi hii, dakika moja na nusu inatosha. Wakiuliza kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza, wakihamia Kiswahili hama nao. Usilolijua, sema hulijui na useme ungelitafuta wapi. Mimi niliulizwa kuhusu mali zilizokwisha thamani vitabuni lakini bado zinatumika, nikaanza kuzunguka mbuyu. Niliona kalamu tatu zikisimama kwa pamoja. Nikasema, "Samahani, naomba nianze upya," na wakaniruhusu. Sikujua kwamba hilo linawezekana.

Siku ya katikati, ya kusubiri matokeo ya mchujo, ni mbaya kuliko zote mbili. Usipige simu nyumbani kila nusu saa. Tuliwekeana na mume wangu simu moja, saa tatu usiku, na watoto wakakatazwa kuniuliza "mama umepata?" Wakauliza kuhusu nyani wa njiani. Nafuu.

Boti, upepo na maji kutoka

Tiketi za boti nunua ofisini kwao au mtandaoni. Wanaokukimbilia nje ya geti la bandari wakisema dirisha limefungwa, waache waseme. Beba vitambulisho na vyeti vya watoto. Ndugu wa pasi ya kigeni mnaosafiri naye, mwambie mapema kuwa tangu Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima ya lazima kwa wageni wa nje, dola 44, hulipwa kabla ya kuingia. Sisi Watanzania haituhusu.

Mwezi wa sita ni kusi, upepo unaotoka kusini. Kwenda Unguja upepo unakusukuma, kurudi Dar unauelekea, na hapo ndipo mifuko ya matapishi hufanya kazi. Kaa chini, nyuma, katikati ya boti. Watoto wale kitu kikavu na chepesi, waangalie mbali dirishani na si kwenye simu. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka. Ukisubiri tumbo lianze, umechelewa. Safari ni kama saa mbili.

Kuchagua pwani, watu hutazama picha na kusahau bahari yenyewe. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka yanatoka kweli. Unaona mchanga mamia ya hatua, na watoto wanaotaka kuogelea wanabaki kuokota konokono. Kusi nayo inapiga upande huohuo. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kuogelea kunawezekana karibu muda wote. Ukienda mashariki, uliza mwenyeji kama ni bamvua au maji mafu: mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa sana na kutoka sana, ndiyo bamvua; maji mafu ni kinyume chake. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini, daladala namba 116 inafika, na familia yenye mabegi na mtoto aliyelala ni afadhali ikodi gari, bei ikikubaliwa kabla ya mlango kufungwa. Kila mahali pa kiingilio, Jozani penye kima punju au Changuu penye kobe, uliza bei ya Mtanzania na toa kitambulisho.

Siku ya kwanza usipange kitu. Mimi nililala kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, na watoto walikula urojo na baba yao bila mimi. Sijutii.

Simu ikilia ukiwa na mchanga miguuni

Siku ya tatu kampuni moja niliyoomba kazi zamani ilinipigia: usaili wa video, kesho. Usikubali papo hapo kwa hofu. Sema uko safarini, taja saa mbili tofauti unazoweza. Wengi hukubali. Kisha: nunua bando la laini mbili za mitandao tofauti, jaribu mwito wa video kwa dada yako ukiwa kwenye kiti kilekile, kaa mgongo ukielekea ukuta mtupu na uso ukielekea dirisha, chaji kila kitu mapema maana umeme hukatika hata penye watalii. Baba awatoe watoto nje kabisa, siyo chumba cha pili. Kuta za vyumba vya pwani ni nyembamba, na binti yangu mdogo ana sauti ya muadhini.

Kurudi

Acha siku moja kati ya kufika nyumbani na kuanza kazi. Vyeti virudi kwenye sanduku lake usiku uleule, kabla ya nguo chafu kutolewa, ukivihesabu kimoja kimoja dhidi ya orodha. Kama umefaulu mahojiano lakini nafasi zilikuwa chache, jina huwekwa kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kazi nafasi ikipatikana. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu, na uifungue ile akaunti mara moja kwa wiki. Mimi nilipigiwa miezi minne baadaye, nikiwa sokoni Kirumba nachagua sato, na nilimwomba anayepiga arudie mara tatu kwa sababu ya kelele.